Kabonati Moja, Tindikali Mbili

Ninyi mnaoingia kidato cha tatu mkiwa mmeshaambiwa na kaka zenu kwamba kemia ni ya wenye vichwa vikubwa, mimi sikuwa mwalimu wenu. Nilikuwa yule mtu anayeosha chupa mkishatoka. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimetunza maabara za shule tano kuzunguka Mwanza, na elimu yangu mwenyewe iliishia kidato cha nne. Nina miaka arobaini na saba na nimestaafu bila barua ya kustaafu. Siku hizi wanaajiriwa vijana wenye stashahada ya maabara, na kifua changu kimechoka kuvuta mvuke wa amonia.

Nimepanga chumba kimoja Igoma, nyuma ya gereji ya pikipiki. Asubuhi nachemsha chai ya mtu mmoja. Kikombe nakisuuza mara tatu, mara ya mwisho kwa chai yenyewe kidogo, kama tulivyokuwa tukisuuza bureti, ule mrija mrefu wa kupimia wenye bomba chini, kwa tindikali itakayoingia humo ili matone ya maji yaliyobaki yasiipunguze nguvu. Hakuna anayeniona nikifanya hivyo. Mkono umezoea tu.

Wiki iliyopita binti wa mwenye nyumba, Zuhura, alikuja na daftari lake. Yuko kidato cha tatu. Walikuwa wamepewa milinganyo kumi ya kusawazisha. Nikaanza kutafuta miwani. Kabla sijaipata, alikuwa ameipiga picha ile milinganyo kwa simu, na simu imeshaisawazisha yote.

"Ona, baba mdogo. Imeweka mbili hapa."

"Na usingeiweka hiyo mbili, ingekuwaje?"

"Ningekosa alama."

"Alama ngapi?"

"Moja tu."

Akashukuru, akaenda zake. Sikuwa nimemsaidia chochote, lakini alishukuru, ana adabu. Nimekaa na ile "moja tu" yake siku nyingi. Mimi namjua mtu ambaye hiyo mbili ilikaribia kumtoa shule, na aliyeisahau ni mimi.

Nianze na jinsi nilivyofundishwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lufunga, mtunza maabara wa shule ya kwanza niliyoajiriwa, mjini. Alikuwa ameishia darasa la saba, na alisawazisha mlinganyo wowote ule kwa vizibo vya soda alivyovihifadhi kwenye kopo la maziwa. Vyeupe vilikuwa hidrojeni, vyekundu oksijeni, vya kijani kaboni. Siku yangu ya pili alinimwagia vizibo mezani.

"Haya kijana, nitengenezee maji."

Hidrojeni hutembea wawili wawili, na oksijeni hivyo hivyo. Nikachukua vyeupe viwili na vyekundu viwili. Nikapanga maji moja: vyeupe viwili na chekundu kimoja. Kikabaki chekundu.

"Huyo mwenzao unamwacha wapi?"

"Namuunga hapo hapo kwenye maji, mzee. Yanakuwa mawili kwa mawili."

Alicheka mpaka akashika meza. "Hayo siyo maji tena! Hiyo ni dawa ya zahanati, ile inayotoa povu kwenye kidonda. Mkaribishe mkweo glasi yake uone kama utaoa." Halafu akanisogezea vizibo vyeupe viwili vingine. "Usiguse kilichomo ndani ya fungu. Ongeza fungu."

Mnajua dagaa wanavyouzwa sokoni kwa mafungu. Yule mama akishapanga fungu lake hakuvunjii, ukitaka zaidi unachukua mafungu mawili. Kemia ni hivyo hivyo. Namba ndogo iliyokaa chini ya herufi ndiyo fungu lenyewe, na ukiibadilisha umebadilisha kitu. Namba kubwa unayoiweka mbele ndiyo idadi ya mafungu, na hiyo ndiyo mali yako, icheze utakavyo. Mmenyuko ni vizibo kuachana na kupangana upya. Hakuna kizibo kinachozaliwa na hakuna kinachopotea. Anza kuhesabu na elementi inayoonekana mahali pamoja tu kila upande, na oksijeni mwache mwisho kwa sababu yeye anaingia kila nyumba.

Mzee Lufunga pia alinionya kuhusu tindikali kwenye nguo. Sikumsikiliza. Tindikali ya salfuriki ikirukia suruali ya pamba huoni kitu siku hiyo. Inakauka, inakaa kimya, inasubiri ufue. Mimi nilifua Jumamosi, nikavaa Jumapili, na tulipopiga magoti kanisani nikasikia upepo. Nyuma yangu alikuwa amekaa dada mmoja wa kwaya. Nilitoka kinyumenyume kama mtu anayemuaga chifu.

Yule dada baadaye tulizoeana, karibu miaka miwili. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kuhama. Nikishaijua maabara, bomba lipi linavuja, kabati lipi halifungi, nilianza kuota shule nyingine. Aliniambia hawezi kuolewa na begi. Alisema kwa upole kabisa, akanisindikiza stendi.

Basi, ndivyo nilivyofika Kigongo, shule ndogo ya kata juu ya gati la kivuko, kabla daraja halijajengwa. Kutoka dirishani uliona pantoni ikienda Busisi na kurudi, ikienda na kurudi. Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja, Madamu Rehema, na ndiye pia aliyekuwa mwalimu pekee wa kemia. Bureti zilikuwa kumi na nne. Kwa hiyo kila mwaka, vijana wakiingia kidato cha tatu, alifanya mtihani wa vitendo wa kuchuja: anayeweza kushika bureti anabaki sayansi, asiyeweza anahamia masomo ya sanaa.

Jaribio lilikuwa lile lile kila mwaka. Unaweka tindikali ya haidrokloriki kwenye bureti na magadi makali, yaani NaOH, kwenye chupa iliyo chini, na kiashiria cha methili oranji. Rangi ni ya njano, unadondosha tindikali tone kwa tone, na ikigeuka kuelekea waridi unafunga na kusoma. Mimi ndiye niliyetengeneza vimiminika vyote, na kwa mapishi yangu jibu lilikuwa sentimita za ujazo ishirini na tano. Kila mwaka ishirini na tano. Wanafunzi walirithishana hiyo namba kama jina la ukoo.

Mwaka ninaousema, nilifungua kopo la NaOH nikakuta uji. Kitu hicho hunyonya unyevu wa hewani, na mfuniko ulikuwa umekaa vibaya tangu muhula uliopita. Nikamwendea Madamu.

"Tuna sodiamu kabonati, kopo zima," nikamwambia.

"Itumie hiyo. Ilimradi itoke ishirini na tano kama kawaida, maana mwongozo wa kusahihisha nimeshaandika."

"Haina shida, Madamu."

Mnaelewa nilichofanya? Nilipima kabonati kwa nguvu ile ile niliyokuwa nikiipimia NaOH, nikaacha tindikali ilivyo. NaOH moja humalizana na tindikali moja, na ndiyo maana ishirini na tano za chupani zililingana na ishirini na tano za bureti. Kabonati ina sodiamu wawili ndani ya fungu lake, kwa hiyo moja yake hutaka tindikali mbili. Ukitaka kuijua kabonati vizuri, weka magadi ya kupikia kwenye kikombe na ukamulie ndimu, uone inavyofoka, na uhesabu ndimu ngapi zitaisha kabla povu halijakoma. Mimi hilo nilikuwa nalijua. Mlinganyo nilikuwa nao kichwani tangu enzi za vizibo. Sikuuandika tu. Mtu aliyefanya jambo moja miaka sita haandiki.

Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili, wakaingia kwa makundi matatu. Kundi la kwanza likatoka, nikapita kukusanya chupa.

Chupa kumi na nne, na zote za njano.

Nilidhani kiashiria kimechacha. Nikachukua chupa moja, nikaongeza tindikali kwa mkono, nyingi, mpaka ghafla ikageuka waridi safi kama ulimi wa mtoto. Kiashiria kilikuwa kizima. Hapo hapo mlinganyo ukaja wenyewe, na ile mbili ikasimama mbele ya tindikali mahali pake. Bureti ina hamsini tu. Kwa namna nilivyopima, na tindikali yangu ilivyokuwa imepoa nguvu kidogo, hata hamsini isingetosha. Hakuna mtoto aliyeona rangi ikibadilika, na hakuna ambaye angeiona siku hiyo.

Mezani zilikuwa zimebaki karatasi zao za majibu. Nikazipitia. Ishirini na tano. Ishirini na nne nukta tisa. Ishirini na tano nukta moja. Waridi, waridi, waridi. Wote walikuwa wamepika majibu. Isipokuwa karatasi moja, ya binti aliyeitwa Mbuke, mwandiko wake wa kulalia nyuma: "50.00. Rangi bado ya njano. Nimerudia. 50.00. Rangi bado ya njano."

Nilikuwa na dakika ishirini kabla ya kundi la pili. Ofisi ya Madamu ilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Mimi nilikuwa kibarua wa bodi ya shule, bila mkataba, na nilijua atakachosema kuhusu mtu aliyeshindwa kusawazisha mlinganyo wa kidato cha tatu. Nikafungua bomba, nikaosha chupa kumi na nne, nikazipanga upya. Kundi la pili likaingia.

Siku ya tatu orodha ya wanaoondolewa sayansi ikabandikwa. Walikuwa wachache, wengi kwa sababu ya hesabu mbovu, na Mbuke akiwemo kwa sababu ya usomaji. Nikiwa ndani nilisikia wenzake nje ya dirisha.

"Mbuke, hamsini! Ulikuwa unapima tindikali au unajaza pantoni?"

"Niliandika nilichoona."

"Nani alikwambia tunaandika tunachoona? Sisi wenyewe tuliona njano."

"Sasa mbona mkaandika waridi?"

"Ili tubaki, mama. Wewe baki na ukweli wako, utakusaidia kwenye historia."

Wakacheka. Hawakuwa watoto wabaya. Nilikuwa nawafahamu mmoja mmoja kwa namna wanavyoacha meza.

Kisha Mbuke akaja kwangu. Akasimama mlangoni, maana si ruhusa kuingia maabara bila mtu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Nilikosea wapi? Nilifungua polepole kama ulivyotuonyesha. Macho yalikuwa usawa wa mstari. Nilirudia mara mbili."

Mzee Lufunga alikuwa ameshafariki. Yule dada wa kwaya alikuwa na watoto wa mtu mwingine. Katika shule ile nzima mtu pekee aliyekuja kuniuliza kitu kuhusu kazi yangu, kwa sababu alitaka kukijua, alikuwa huyo binti. Nikamjibu:

"Labda hukuweka kiashiria cha kutosha."

Akafikiri. Aliamini, nilimwona akiamini. "Matone matatu ni machache?"

"Wakati mwingine."

"Asante, mwalimu."

Wiki iliyofuata hakuonekana. Mbuke alikuwa akikaa kwa mama yake mdogo, aliyeuza dagaa pale gatini. Kwao hasa ni upande wa Bujora. Nilipopita kununua mboga, yule mama alinipimia akiwa amenuna.

"Mwalimu, mtoto wetu mmemkataa."

"Yuko wapi?"

"Baba yake kamwita. Wakati anakubali kumleta huku walikubaliana ni masomo ya dawa na hospitali. Kama siyo hayo, amesema, arudi akae na mama yake, kuna watu wanamuulizia." Akafunga mfuko. "Unajua wanamuulizia nini. Nyumbani kwetu ng'ombe wakitajwa, mambo yanakwenda haraka."

Niliacha dagaa palepale mezani. Hatua thelathini za kwenda ofisini, safari hii nilizitembea. Madamu alinisikiliza bila kuinua macho kwenye rejesta, hadi mwisho.

"Deo, unajua ulichonifanyia? Nina watoto arobaini na mmoja waliopika majibu na mmoja aliyesema kweli, na huyo mmoja ndiye nimemwondoa."

"Ndiyo, Madamu."

"Na siwezi kuwaondoa arobaini na mmoja. Nitabaki na darasa la mtu mmoja." Akafunga rejesta. "Mtihani utarudiwa wote. Tengeneza vimiminika upya, na safari hii uniandikie mlinganyo, uusawazishe mbele yangu. Lakini sitaurudia bila yeye. Kamlete wewe mwenyewe. Ukimkosa, na wewe usijisumbue kurudi."

Nilifika kwao saa sita mchana. Mbuke na mama yake walikuwa uani wanakata viazi vitamu vya kuanika kuwa michembe. Baba alikuwa ameenda kunywesha ng'ombe. Nikapewa kigoda.

"Mwalimu," mama akasema, "umetoka Kigongo mpaka hapa kuja kuniambia mwanangu hajui?"

"Nimekuja kusema asiyejua ni mimi, mama."

Nikaeleza. Mama hakufuata habari za kabonati, lakini aliielewa sura yangu. Mbuke aliendelea kukata viazi mpaka nilipomaliza. Kisha akafuta kisu kwenye kanga, akainama, akaandika vumbini kwa ncha yake: Na2CO3, jumlisha, HCl, mshale, halafu chumvi, maji, na ile hewa inayofoka. Akahesabu sodiamu. Upande wa kushoto wawili, kulia mmoja. Akaweka mbili mbele ya chumvi. Akahesabu klorini. Akaweka mbili mbele ya tindikali. Akapitia hidrojeni na kaboni, na oksijeni mwisho.

"Mbili," akasema.

"Mbili."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi. Peke yako."

Nilimwona akitabasamu, kidogo tu, akiwa anaangalia chini pale alipoandika. Halafu tabasamu likaisha.

"Siku ile nilipokuja kukuuliza mlangoni. Ulikuwa unajua?"

Vijana wangu, ningeweza kusema niligundua baadaye. Hakuna shahidi, chupa nilishaziosha. Mama yake angefurahi zaidi, na yeye pia.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Akachukua kiazi kingine, akaanza kukikata. Viazi vilikuwa karibu kwisha baba alipoingia na ng'ombe wake, na mama akamsimulia kwa Kisukuma, kwa kirefu. Baba akaniuliza swali moja tu: kama shule imekubali kwa kauli ya mkuu mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi Jumatatu atakuja naye yeye mwenyewe, asikie kwa masikio yake. Na Jumatatu alikuja.

Mtihani ulirudiwa. Vyote nilivipima upya, na safari hiyo rangi iligeuka kwa kila mtu. Wale wapishi walishangaa kuona kwamba inageuka kweli. Mbuke alibaki sayansi. Madamu hakunifukuza, ila kila mara nilipotengeneza vimiminika aliomba kuona karatasi yangu kwanza, nami nilimpa. Kuanzia siku hiyo sijawahi kupima kitu bila kuandika mlinganyo, hata nikiujua kama jina langu. Na ninyi fanyeni hivyo. Na chupa yako ikiwa ya njano, andika njano, hata kama darasa zima linaandika waridi. Inawezekana aliyekosea ni mtu aliyeandaa meza, na karatasi yako ndiyo pekee inayoweza kumwambia.

Pale Kigongo, siku zisizo za mtihani, kulikuwa na utaratibu mmoja. Mwanafunzi akifika mwisho wa kudondosha, kabla hajaandika namba, ananyoosha mkono, namwendea, nainama, nasoma naye ule mstari kwenye bureti, macho mawili juu ya macho mawili. Walifanya hivyo wote. Kwa kweli hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda, kwa sababu kwa sekunde chache mtu anakuhitaji na wewe unakijua anachokihitaji.

Nilikaa pale mpaka Mbuke alipomaliza kidato cha nne, muda mrefu kuliko shule nyingine yoyote. Aliniamkia kila asubuhi bila kukosa, "Shikamoo, mwalimu," nami nikamwitikia. Akifika kwenye ule mstari alimgusa msichana wa meza ya pili, wakasoma wao wawili, akaandika. Wakishatoka nilipita kukusanya chupa. Yake niliijua mahali ilipokaa. Siku zote ilikuwa na ile rangi iliyokomea tone lile lile inapotakiwa, na hata siku moja hakuninyooshea mkono niende kuangalia.